Vyombo vya Kupima na Kupeleka Habari: Pa Kuanzia kwa Mwenye Ghala

Wanachama kadhaa wametuuliza habari za vyombo hivi vinavyopima joto, unyevu au maji, kisha vikapeleka hesabu yake kwenye simu ya mwenyewe hata akiwa mbali. Jina linalotumiwa ni Intaneti ya Vitu, yaani si watu peke yao wanaopelekeana habari, bali na vitu pia: tangi, mlango, bomba, ghala. Jina hilo lilitolewa mwaka 1999 na Mwingereza mmoja, Kevin Ashton, lakini jambo lenyewe lilitangulia jina. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, wataalamu walichoka kwenda kufuata kahawa wakakuta birika tupu, basi wakalielekezea kamera, na kila mtu akawa alitazama kwenye kompyuta yake kabla hajaondoka kitini. Twalitaja birika hilo kwa makusudi. Watu wale hawakuanza kwa kununua vyombo. Walianza na swali moja lililokuwa likiwaudhi kila siku.

Swali la mwenye karafuu ni lipi? Kwa maoni yetu la kwanza ni la ghalani. Karafuu mbichi ikishachambuliwa makonyo huanikwa siku nne hata saba za jua zuri, na uzito wake hushuka ukabaki kadiri ya theluthi. Kazi yote hiyo, pamoja na ujira wa wachumaji uliokwisha kulipwa, yaweza kuharibika baadaye ndani ya magunia, maana karafuu kavu hunyonya unyevu wa hewa, nayo hewa ya pwani haikosi unyevu. Biashara ya nchi za nje hutaka maji yaliyomo ndani ya karafuu yasizidi asilimia 12. Mzee aliyezoea huivunja kwa vidole akaisikiliza, wala hatusemi aache. Lakini vidole vyake haviko ghalani saa nane za usiku, mvua ya vuli inanyesha na dirisha limesahauliwa wazi.

Kazi ya kukesha humo ndiyo tunayotaka kukipa chombo, na hiyo peke yake. Tumewaona watu wakinunua sanduku zima la vyombo, vya kupima udongo, upepo, moshi na mwanga, na sanduku likaishia uvunguni.

Sasa tutazame vyombo vyenyewe. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha ubunifu walitengeneza kibao cha umeme walichokiita Arduino, kwa ajili ya watu wasiokuwa mafundi, wakaiacha michoro yake wazi ili yeyote apate kuiiga. Kibao kile cha mwanzo hakikuwa na njia ya kufika kwenye intaneti. Mwaka 2014 ikaenea chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iitwayo ESP8266, yenye ubongo na redio ya waifai mahali pamoja, kwa bei ya dola chache tu. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ESP32, alifuata mwaka 2016. Kwa kazi yetu huyo wa kwanza atosha.

Mwenye kuanza anunue kibao cha ESP8266 kilichokwisha tiwa tundu la yuesibi, kama kile kiitwacho NodeMCU, wala asidanganywe na bei ya chipu tupu, maana itamtaka vifaa vingine vya kuiunganisha. Anunue na kipimo cha unyevu na joto cha DHT22. Hicho ni cheupe. Kiko kingine cha buluu, DHT11, ambacho ni rahisi zaidi lakini hakiaminiki hewani kwetu, kwa sababu hakikutengenezwa kupima unyevu mwingi sana. Aongeze waya nyembamba chache na ubao wa matundu wa kuchomekea, asihitaji kulehemu kitu. Na waya wa yuesibi uwe mzuri. Wanaoanza wengi hupoteza siku nzima hapa, maana waya nyingi za simu hupitisha umeme wa kuchaji tu, wala hazipitishi habari. Kompyuta haikioni kibao, na mtu hudhani kibao kimekufa.

Programu ya kukiandikia kibao maagizo, nayo ikiitwa Arduino, yapatikana bure kwenye intaneti, na mjukuu aliyesoma kompyuta shuleni ataiweka kwa nusu saa. Kazi ya kwanza iwe kuwasha na kuzima kijitaa kilicho juu ya kibao. Yaonekana mchezo wa watoto, lakini kijitaa kikitii umekwisha jua kwamba waya, kompyuta na kibao vyasikilizana, na likitokea kosa baadaye hutalitafuta huko.

Ndipo kipimo kifuate. Kina njia tatu za kutumika: ya umeme, ya habari na ya kurudisha umeme. Ikiwa ni kile chenye miguu minne bila kibao chake, hapana budi kiwekewe kizuizi cha omu 10,000 baina ya mguu wa umeme na wa habari. ESP8266 hutumia volti 3.3, ukiipelekea volti 5 kwenye miguu yake ya habari waweza kuiua. Na umeme wa nyumba, ule wa volti 230, usiuguse kabisa katika kazi hii. Wako watakaokuambia kwamba chombo chaweza pia kuwasha feni. Chaweza, lakini hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, si ya anayejifunza.

Kipimo kikianza kusema, usikiamini bado. Chukua chupa yenye kifuniko kinachobana, tia chumvi ya kupikia, uilowe kwa maji kidogo iwe kama uji mzito. Ning'iniza kipimo ndani kisiiguse chumvi, ziba vizuri, uache usiku kucha mahali pasipo jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo husimama kwenye asilimia 75, hapa na popote duniani. Kipimo kikisema 79, basi chazidisha nne, nawe waandika hivyo kwenye daftari na kupunguza. Hatujui dawa nyingine ya bei hiyo yenye faida kama hii.

Sasa tuje kwenye maana ya hesabu zenyewe, maana hapa ndipo mwenye ghala aweza kupata faida au kujidhuru. Hewa ya ghala ikikaa juu ya asilimia 70 siku nyingi, ukungu hupata nafasi. Tuseme basi ndani ni asilimia 75 na joto digrii 25, na nje, mchana, ni asilimia 70 na joto digrii 30. Wengi watafungua madirisha, kwa kuwa nje ni pakavu zaidi. Hesabu yasema vingine. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko ya baridi: kila mita ya ujazo ya hewa ile ya nje ina maji gramu kama 21, na ya ndani ina gramu kama 17 tu. Aliyefungua amekaribisha maji ndani, nayo hewa hiyo ikipoa juu ya magunia unyevu wake utazidi kupanda. Kwa hiyo twashauri vipimo viwili, kimoja ndani na kimoja nje kivulini, na kibao kifanye hesabu ya gramu chenyewe. Simu ikuambie neno moja tu: fungua, au funga.

Habari zifikeje kwenye simu? Ghala likiwa karibu na nyumba yenye waifai ni rahisi, mradi iwe ya gigahezi 2.4, kwani ESP8266 haijui nyingine. Ghala la shambani lataka ama chombo chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe mfupi, ama redio ya LoRa, ambayo hufika mbali kwa umeme kidogo ingawa miti huipunguzia mwendo. Kabla ya kuinunua redio hiyo uliza masafa yanayoruhusiwa nchini, na usiiwashe kamwe bila antena.

Jambo moja twalitilia mkazo. Hesabu za ghala lako zikae kwako, ama katika kadi ndogo ya kumbukumbu iliyotiwa kwenye kibao, ama katika kompyuta ya nyumbani. Mwaka 2016, huko Marekani, chombo cha nyumbani kiitwacho Revolv, kilichouzwa kama dola 300, kilikoma kufanya kazi siku moja kwa wote walionacho, kwa sababu kampuni iliyokuwa imekimiliki ilizima mitambo yake. Mwaka huo huo wahalifu waliteka kamera na vyombo vingi ambavyo wenyewe hawakubadilisha neno la siri lililotoka kiwandani, wakavitumia kuziba njia za intaneti. Neno la siri basi libadilishwe siku ya kwanza.

Kwa umeme, anza na chaja ya kawaida ya simu. Betri yafaa baadaye, kibao kikifundishwa kulala na kuamka kila nusu saa, lakini NodeMCU hula umeme hata ikilala kwa ajili ya vifaa vyake vingine, na betri haitadumu kama wauzaji wanavyosema. Kibao kitiwe ndani ya kisanduku cha plastiki kwa ajili ya hewa ya chumvi, na kipimo kitokeze nje yake, kining'inizwe baina ya magunia, mbali na ukuta na mabati. Kila msimu, kabla ya gunia la kwanza kuingia, kirudishwe usiku mmoja kwenye chupa ya chumvi.