Asili ya Majina ya Wajaluo

Jina la ukoo la Mwingereza hurithiwa vizazi hata vizazi, bali jina la asili la Mjaluo mara nyingi hutaja wakati wa kuzaliwa. Katika Migori na Homa Bay, mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku huitwa Otieno, na wa kike Atieno. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth au Akoth.

Majina haya yameenea mbali. Wajaluo wa Rorya, Tanzania, huyatumia vile vile. Huko Tororo, Uganda, Wapadhola husema Othieno, na Waacholi wa kaskazini husema Okot. Ndiyo alama ya wazee wao, waliotoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini wakifuata mto Nile.

Serikali, misheni na shule zilipoanza kuandikisha watu, jina la baba likageuka kuwa la ukoo. Kwa hiyo binti aweza kuitwa Atieno Okoth, ijapokuwa Okoth ni jina la kiume.

Yafaa kila mzazi aandikishe jina kwa herufi zile zile katika cheti cha kuzaliwa, shuleni na katika hati ya shamba. Majina yasipolingana, mtoto hupata taabu kudai urithi wake.