Sekunde chache zinazoamua hatima ya pesa benki

MTEJA anayehamisha Sh5,000 kutoka akaunti yake ya benki hadi kwa simu mwishoni mwa mwezi huona jambo moja tu: kiduara kikizunguka kwenye kioo. Nyuma ya kiduara hicho kuna seva iliyopewa idadi maalumu ya sekunde kukamilisha kazi, na zikiisha, kazi yote hubatilishwa. Idadi hiyo hupangwa na binadamu, na mara nyingi hakuna aliyeichunguza tangu mtambo uwekwe.

Muamala, kwa wataalamu wa tarakilishi, ni fungu la hatua ambazo sharti zifaulu zote au isifanyike hata moja. Salio hupunguzwa, ada hukatwa, kumbukumbu huandikwa. Wakati huo hifadhidata hufunga rekodi ya akaunti ili mwingine asiibadilishe. Ndiyo maana muamala hauwezi kuachwa usubiri milele. Mmoja ukikwama, mingine inayohitaji rekodi iyo hiyo hupanga foleni nyuma yake, kila mmoja ukiwa umeshikilia njia yake ya kuifikia hifadhidata, hadi njia zikwishe na huduma isimame kwa wateja wote.

Watengenezaji wa seva hizi hawajakubaliana kuhusu muda ufaao. WebLogic ya kampuni ya Oracle hutolewa ikiwa na kikomo cha sekunde 30, WebSphere ya IBM sekunde 120, nayo WildFly sekunde 300. GlassFish huja na sifuri, ambayo maana yake ni kwamba hakuna kikomo kabisa. Anayehamisha programu kutoka seva moja hadi nyingine bila kutazama tarakimu hizi huenda akashangaa kuona kazi ya usiku ya kukokotoa riba, iliyozoea kuchukua dakika nne bila tatizo, ikibatilishwa kila siku.

Wengi hapo hukimbilia kuongeza sekunde. Lakini kuongeza muda wa seva nzima kwa ajili ya kazi moja nzito ni kuruhusu kila muamala uliokwama ushikilie rekodi kwa muda uo huo mrefu. Ni afadhali kazi hiyo ipewe kikomo chake peke yake, au igawanywe katika mafungu ya akaunti mia chache. Isitoshe, programu inayojiwekea muda sharti ifanye hivyo kabla ya kuanzisha muamala. Amri ikija baadaye haiugusi ule unaoendelea.

Hifadhidata nayo ina subira yake. Ile ya Oracle, isipobadilishwa, husubiri sekunde 60 pale muamala unaohusisha mashine kadhaa unapokuta rekodi imefungwa. Fundi akiweka sekunde 120 kwenye seva na kuisahau hifadhidata, muamala unaosubiri rekodi utakatwa ukiwa nusu ya safari, naye atabaki akijiuliza kwa nini mabadiliko yake hayakufaa.

Lililo zito zaidi ni kwamba kikomo hakiwezi kurudisha kilichokwisha kutoka nje ya benki. Seva ikitangaza kuwa muda umekwisha, salio la mteja hurejea lilivyokuwa, lakini ombi lililokwisha kufika kwa kampuni ya simu halifutiki. Huenda pesa zikawa zimeingia kwenye simu ilhali akaunti haijakatwa. Kwa hivyo muda wa kusubiri jibu kutoka nje unapaswa kuwa mfupi kuliko kikomo cha muamala, ili programu ipate nafasi ya kuandika kilichotokea kabla ya kukatwa.

Na jibu lisipofika, rekodi hiyo haistahili kuandikwa kuwa imefeli. Hali yake haijulikani, na mtambo wa benki unapaswa kuiuliza kampuni ya simu kwa nambari ile ile ya kumbukumbu kabla ya kurudisha pesa au kutuma upya. Mteja anayebonyeza mara ya pili kwa kukosa subira huanzisha ombi jipya lenye nambari nyingine, na mitambo isipolinganisha maombi hayo mawili, yote yanaweza kulipwa.