Laptopu Iliyosingiziwa Uzee

Hapo zamani, si zamani za kale bali mwaka 2014, baba mmoja wa Dodoma alinunua laptopu. Aliitumia kazini kwa miaka kadhaa, kisha akampa binti yake mkubwa aliyekuwa anakwenda chuo. Dada alipohitimu aliiacha nyumbani, ikawa ya mdogo wake aliyeanza kidato cha kwanza. Kufikia hapo ukiiwasha, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi na kuikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Ukibofya, kimya. Ukibofya tena kwa hasira, baada ya muda yanafunguka madirisha mawili kwa mpigo.

"Hiyo imeshazeeka," wakasema watu wa nyumbani. "Itafutwe nyingine."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, wanangu, kwa sababu hukumu hiyo hutolewa katika nyumba nyingi, na mara nyingi si ya haki. Prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote ndani ya laptopu, haipungukiwi kasi kwa kuhesabu miaka. Kama siku iliyotoka dukani ilikuwa na mapigo bilioni mbili kwa sekunde, leo bado inaweza kupiga bilioni mbili zilezile. Kilichobadilika ni kingine: kazi tunazoitwika, programu zilizorundikana, vumbi lililoingia, na kifaa kimoja ambacho nitawaeleza kwa kirefu.

Yule mdogo, naye binti, akampigia simu mjomba wake, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Habari za masomo?"

"Nzuri, ila laptopu inanitesa. Nifute kila kitu nianze upya?"

"Usifute chochote. Kwanza tujue nani anamsubirisha nani."

Kauli hiyo ya mjomba ni ya kuishika. Ndani ya laptopu hakuna kifaa kinachofanya kazi peke yake. Mmoja akichelewa, wote wanakaa wakimsubiri, nasi tulio nje tunaona kitu kimoja tu: laptopu nzito.

Akamwuliza kama faili lililohifadhiwa ndani ya laptopu nalo linachelewa kufunguka, au ni kurasa za intaneti tu. Swali hilo huokoa pesa za watu. Ikiwa faili linafunguka upesi na kurasa ndizo zinazosuasua, mara nyingi laptopu haina kosa. Tazama mtandao, au bando lililokwisha. Kwa binti huyu kila kitu kilichelewa. Basi mjomba akamwambia anakili picha na kazi zake za shule kwenye fleshi kabla ya jambo lolote lingine, maana diski inayokaribia kufa nayo mara nyingi huanza kwa kuwa nzito, na ikikata roho huondoka na vilivyomo. Ukisikia diski inagonga, tka, tka, tka, nakili siku hiyohiyo.

"Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja," mjomba akasema.

Likafunguka dirisha linaloitwa Task Manager, lenye safu za tarakimu zinazopanda na kushuka: prosesa, kumbukumbu, diski. Ukitaka kulisoma vizuri, subiri dakika chache baada ya kuwasha, kwa sababu wakati wa kuamka kila laptopu ina pilikapilika nyingi.

"Prosesa inasema asilimia 8," binti akasoma. "Kumbukumbu asilimia 91. Diski asilimia 100."

"Hiyo ya diski inashuka?"

"Haishuki, mjomba. Imesimama palepale."

"Basi prosesa yako imekaa bure. Inasubiri diski."

Ngoja niwafungulie diski yenyewe, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo la kustaajabisha. Laptopu nyingi za miaka ile ziliwekwa diski inayozunguka. Ndani yake mna sahani nyembamba inayong'aa, na juu ya sahani kuna mkono mdogo unaokwenda huku na huku kusoma. Ncha ya mkono ule haigusi sahani. Inaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, maelfu ya mara chini ya unene wa unywele wenu. Ubunifu huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61 hivi. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na bado ilihifadhi herufi milioni tano tu, zisizotosha hata picha moja kubwa ya simu ya leo. Diski ya binti huyu ilihifadhi gigabaiti 500 na ikaenea kiganjani. Lakini kazi yake ni ileile: sahani inazunguka, mkono unatafuta.

Na kutafuta kunachukua muda. Diski nyingi za laptopu za aina hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mkono ukishafika kwenye mstari wake, husubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi chini yake. Kwa jumla hupotea zaidi ya sehemu kumi za elfu za sekunde kwa kila kitu kinachotafutwa mahali papya. Mtadhani ni muda mfupi. Hebu pigeni hesabu: katika sekunde nzima mkono unafanya safari zisizofika hata 100, ilhali Windows, mfumo unaoiendesha laptopu, ikiamka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila pembe ya sahani. Prosesa yenye mapigo bilioni mbili inakaa ikingoja mkono huo.

Tusisahau ile asilimia 91 ya kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Mfikirieni mama anayepika akiwa na meza ndogo karibu na jiko na stoo nyuma ya nyumba. Vilivyo mezani anavichukua papo hapo. Meza ikijaa, kila akitaka kitunguu hana budi kurudisha chumvi stoo kwanza ndipo apate nafasi. RAM ndiyo meza, diski ndiyo stoo. Laptopu ile ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4, na binti alikuwa amefungua kivinjari chenye vichupo vingi, muziki, na programu ya kuandikia. Basi diski ilikuwa inachoshwa mara mbili: kwa kazi yake, na kwa kubeba mizigo iliyokosa nafasi kwenye RAM.

Mjomba hakumwambia anunue kitu. Alimwambia achukue simu, apime kwa saa muda unaopita tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi ukurasa wa kwanza kufunguka, aandike daftarini, kisha abadilishe jambo moja tu na kupima tena. Napenda sana utaratibu huu. Ukibadilisha mambo matano kwa mara moja, laptopu ikipona hujui dawa ilikuwa ipi.

Akaanza na programu zinazojiwasha zenyewe laptopu inapowaka. Katika dirisha lilelile kuna orodha yake. Binti akazizima za muziki, za michezo na za gumzo, akaiacha ya kujikinga na virusi na zile za sauti na kipanya. Akapima, kisha akaondoa programu ambazo dada yake alizitumia chuoni na hakuna aliyezihitaji tena. Muda ukapungua, lakini si sana.

Jumapili mjomba akaja mwenyewe na bisibisi. Aligundua kwamba mwanzoni laptopu ilikwenda vizuri kiasi, ikishapata moto inazidi kuzorota huku feni ikivuma. Hiyo ni dalili ya joto. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Akaizima, akachomoa chaja, akatoa betri, akafungua mfuniko wa chini. Kwenye matundu ya kutolea hewa palikuwa na utando mzito wa vumbi jekundu. Akaizuia feni kwa kijiti isizunguke, kisha akapuliza kwa hewa ya kopo. Hakupuliza kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Nanyi msiifungue bila mtu mzima anayejua, na mkiona betri imevimba, acheni kuichaji wala msiiminye wala kuitoboa. Mwiteni fundi. Laptopu pia isiwekwe juu ya godoro, kwa kuwa mara nyingi matundu yake yako chini.

Sasa ndipo ikaja zamu ya pesa. Mjomba alinunua diski ya SSD, ambayo haina sahani wala mkono. Ni vipande vya elektroniki vitupu. Hupata kinachotafutwa ndani ya takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu mpya. Akanakili kila kitu kutoka diski ya zamani, akachomeka mpya palepale ilipokaa ya kwanza. Binti alipokwisha kupima, mjomba akaongeza na RAM ya gigabaiti 4, baada ya kusoma kwanza aina iliyomo, kwa sababu RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Binti akabonyeza kitufe tena huku ameshika saa. Hakuwahi kufika hata jikoni.

Lilibaki suala la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi laptopu za umri ule. Mjomba akamwekea kwenye fleshi Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta ambao ni bure, aujaribu kwa kuiwasha laptopu kutoka humo bila kugusa kilichomo kwenye diski. Diski ya zamani haikuwa mbovu, ilikuwa nzito tu, hivyo akaitia kwenye kasha la USB, na kila Ijumaa jioni binti anahamishia humo nakala za kazi zake za shule.