Redio ya CB Ikikataa Kuwaka

Mkulima wa Rongo huzijua radi za upande huu wa Ziwa. Ikitokea baada ya mvua redio ya CB ya nyumbani (wazee wangaliiita simu ya upepo) imekataa kuwaka, nawe una mgonjwa wa kuitiwa gari, usiilaumu radi upesi. Huenda ni swichi tu. Katika redio nyingi za namna hii swichi imeunganishwa na kitufe cha sauti, nacho huzungushwa kila siku mpaka vyuma vya ndani vikalika.

Tazama fyuzi kwanza. Ikiwa nzima, na betri ya volti 12 ina nguvu, kaza nyaya zake, kisha zungusha kitufe polepole. Taa ikiwaka na kuzimika, swichi imechoka.

Redio ya stima ni hatari zaidi: volti 240 zaweza kufika kwenye swichi hata ikiwa imezimwa. Chomoa plagi, umpelekee fundi. Na jirani akikushauri kutia kipande cha waya mahali pa fyuzi, mkatalie. Hivyo ndivyo nyaya zinavyoungua na nyumba kushika moto.