Siku Amri Abeid ilipovaa helmeti

UWANJA wa Sheikh Amri Abeid, Arusha umezoea soka. Lakini Mei 21, 2011 nyasi zake zilikanyagwa na mijitu yenye helmeti na pedi za mabega, ikigombea mpira wenye umbo la yai.

Ilikuwa mechi ya kwanza ya vyuo vya Marekani katika mpira wa Kimarekani kuchezwa Afrika. Chuo Kikuu cha Drake kutoka Iowa kiliwachapa nyota wa vyuo vya Mexico 17-7. Vijana wa Drake, ambao hawapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, wakamalizia safari kwa kupanda Mlima Kilimanjaro. Baada ya hapo, kimya. Arusha haijapata mechi nyingine.

Kwa nini? Jibu liko Dublin, Ireland.

Huko walianza 1988, Boston College ilipoifunga Army 38-24. Mwaka 2012 Notre Dame iliishushia Navy kipigo cha 50-10, na Wamarekani wapatao 35,000 walivuka bahari kwenda kushuhudia. Tangu 2022, kila Agosti Dublin inaandaa mechi ya kufungua msimu. Siri yake iko wazi: shabiki anakuja na timu yake, analala hotelini, anakula, anatembea mjini. Mechi ni chambo tu, mkwanja uko kwenye utalii.

Ila kuna anayeumia. Mwaka 2024 Georgia Tech ya Atlanta ilikuwa mwenyeji, lakini ‘nyumbani’ kwake kukawa Dublin, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka kwao. Ikaichapa Florida State 24-21 kwa teke la mwisho kabisa la mechi. Utamu wote huo mwanafunzi asiye na nauli aliuona kwenye runinga.

Arusha ina mlima, ina mbuga, ina hoteli. Ilichokosa ni lile jeshi la mashabiki wanaopanda ndege kuifuata timu, na ligi ya vijana wa hapa hapa ya kuupokea mchezo wageni wakiondoka.

Siku Wamarekani wakibisha hodi tena, wenyeji waulize mapema: nani atanunua tiketi, na ndege ikishapaa, watoto wa Arusha watabaki na nini mkononi?