Oili ya Injini Hutoka Wapi?

Wapo wanaodhani kwamba oili ya injini ni masalio tu ya petroli na dizeli, yaliyochotwa chini ya mnara na kutiwa mkebeni. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini injini iliyotiwa masalio hayo isingedumu.

Mafuta ghafi hupashwa moto kufikia takriban sentigredi 350, kisha huingizwa katika mnara wa kukenekea. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda yakiwa mvuke. Kinachosalia chini ni uji mweusi, mzito, na ndani yake ndimo yalimo mafuta ya kulainishia. Hapa pana kikwazo. Uji huo ukizidishiwa moto, molekyuli zake ndefu huvunjika kabla ya kugeuka mvuke, na zikivunjika hazifai tena kulainisha chuma. Mwanafunzi ajuaye kwamba maji huchemka kwa sentigredi 100 mjini Dar es Salaam, lakini kwa 80 hivi kileleni Kibo, amekwisha kuushika ufumbuzi: kanieneo ikipungua, kiwango cha kuchemka nacho hushuka. Basi uji huhamishiwa mnara wa pili, ambao hewa yake imefyonzwa, na humo huchemka bila kuungua.

Mafuta yapatikanayo hapo bado ni mabichi. Yana molekyuli za aromatiki, ambazo huyafanya yawe mazito mno katika baridi na mepesi mno katika joto. Mwaka 1929 Dean na Davis, huko Marekani, walibuni kipimo cha tabia hiyo: mafuta ya Pennsylvania, yasiyobadilika sana, waliyapa 100, yale ya pwani ya Ghuba ya Meksiko, 0. Aromatiki huoshwa kwa kiyeyushi kama furfurali, ambayo, ajabu, hutengenezwa kwa magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Kisha mafuta hupozwa sana ili nta igande na kuchujwa. Nta hiyo huishia kwenye mishumaa.

Viwanda vipya haviziondoi molekyuli mbaya, bali huzigeuza. Mafuta na haidrojeni hupitishwa penye kichocheo, kwa joto na kanieneo kubwa. Pete za aromatiki hujazwa haidrojeni na nyingine hufunguka, na salfa hutoka ikiwa gesi. Mafuta hayo hung'aa kama maji, tena hukawia kuharibiwa na oksijeni.

Baadaye huongezwa viambato vya kuzuia kutu na kubeba masizi. Viambato hivyo ndivyo hasa vichakaavyo injinini. Mafuta ya msingi kwa sehemu kubwa husalia mazima, hata katika oili chafu imwagwayo mtaroni nyuma ya gereji, nayo yaweza kurudishwa kwenye mnara usio na hewa na kukenekwa upya.