Wakati wa Mavuno Katika Nchi ya Nakuru: Chakula cha Nyumbani na Matembezi ya Jamaa

Katika nchi za Ulaya, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka. Watu wa mashamba hula matunda mapya na kuwatembeza watoto wao kabla baridi kali haijaingia. Nakuru na nchi zinazoizunguka hazina majira ya namna hiyo, kwa kuwa ziko karibu sana na Ikweta. Hata hivyo, miezi ya mwisho wa mwaka ina furaha yake katika Bonde la Ufa. Mahindi yaliyopandwa mvua kubwa zilipoanza, mwezi wa Machi au Aprili, huwa yamekauka mashambani kutoka Bahati hata Njoro na Rongai. Na shule zikifungwa, watoto hurudi nyumbani wakiwa na njaa na hamu ya kutembea.

Furaha ya kwanza huja hata kabla ya mavuno yenyewe, nayo ni mahindi mabichi. Huchomwa juu ya makaa mpaka punje ziwe na madoa meusi, kisha husuguliwa kwa kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi na pilipili. Kando ya barabara kuu, hakuna msafiri apitaye asisikie harufu yake.

Nyumbani kuna vyakula vingine, na kila kabila lina sifa zake. Wakikuyu hupika githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na mukimo, ambao ni viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi mabichi na majani ya maboga. Wakalenjin hula ugali na mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya miti maalumu. Mjini Nakuru, ambako watu wa makabila mengi wamekaa pamoja tangu reli ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, hutokea mara nyingi kwamba vyakula hivi vyote huonekana katika ujia mmoja wa nyumba, na watoto huvijua vyote kwa majina.

Lakini furaha ya mavuno yaweza kuharibiwa na mambo mawili, na mkulima mwenye busara huyafikiri yote mawili kabla ya kualika wageni.

Jambo la kwanza ni unyevu. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walakini mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka huoza, tena huota kuvu itoayo sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiondolewi kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, kama vile Makueni na Kitui, watu 317 walipatikana kuwa wameugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Hao hawakuwa watu wazembe. Walikuwa wakulima kama wengine, waliokula chakula cha ghala lao wenyewe.

Nchi ya Nakuru ina baridi zaidi kuliko sehemu hizo, lakini mvua za Oktoba na Novemba mara nyingi huwakuta watu wakivuna. Kwa hiyo mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai, na yafunikwe mawingu yakikusanyika. Yanapasa kukauka mpaka unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chupa. Mahindi kidogo hutiwa ndani ya chupa iliyokauka vizuri pamoja na chumvi kavu, chupa hufungwa, hutikiswa, kisha huachwa kwa muda wa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, na yarudishwe juani. Punje zilizoota kuvu zitengwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hupita hata katika maziwa.

Jambo la pili ni haraka ya kuuza. Wakati wa mavuno bei hushuka, kwa sababu kila mtu anauza. Na wachuuzi hufika shambani na fedha mkononi, wakijua ya kwamba karo ya Januari inakaribia. Hesabu yake si ngumu. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili mbili. Jamaa inayotumia gorogoro moja kila siku humaliza gunia moja kwa siku 45, na kwa mwaka mzima huhitaji magunia manane na kidogo zaidi. Bwana na bibi wakikaa pamoja na kuyaweka kando magunia hayo kwanza, yaliyobaki ndiyo mali ya soko. Anayeuza yote Desemba hununua unga wa dukani mwezi wa Juni kwa bei iliyopanda, na huenda mahindi yaliyosagwa yakawa ni yale yale yake.

Kazi hizi zikiisha, jamaa hustahili kupumzika, na matembezi mema hayahitaji fedha nyingi. Kwa mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru kuna Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, ambako Mary Leakey alichimba katika miaka ya 1937 na 1938 na kupata makaburi na mabaki ya makao ya watu wa kale. Jambo linalowapendeza watoto zaidi ni mabao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Mtoto akiona vishimo vile hutambua mara moja ya kwamba watu wa kale nao walikuwa na saa za kucheza baada ya kazi.

Wenye miguu imara hupanda Menengai, mlima wa moto wa zamani ambao shimo lake lina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Wazee wa Kimasai husimulia vita vikali vya ndugu kwa ndugu vilivyokwisha kwa watu kutupwa humo. Ukingo wake ni mkali, kwa hiyo watoto wadogo washikwe mkono. Upande wa kusini wa mji huonekana Ziwa Nakuru, ambalo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1968. Maji yake yamepanda sana tangu miaka ya 2010 na kufunika misitu na njia za kando, na kwa kuwa maji yamepungua uchumvi, wengi wa heroe, ndege wale wa rangi ya waridi, wamehamia Ziwa Bogoria. Jambo hili huwafundisha watoto kwamba nchi haikai vile vile siku zote.

Chakula cha safari na kiwe cha nyumbani: viazi vilivyochemshwa, mahindi, mayai, na chai katika chupa. Viazi vilivyogeuka kijani kwa kuachwa juani visitiwe kikapuni, kwa kuwa vina sumu.

Jioni jamaa ikirudi, watoto husinzia kabla ya chakula kuiva. Mama hufungua ghala na kuchota gorogoro moja kutoka gunia la kwanza. Likiwa kavu, na mengine saba yakiwa nyuma yake, basi mavuno ya mwaka huo yamekuwa mema kweli kweli.